Gari Linajua

Tukae vizuri, na ninyi wa nyuma mzime simu, maana leo nina habari ya dereva mmoja wa semi, yale malori ya kuvuta tela, na najua nusu ya mlio humu ndani mnakula kwa jasho la usukani.

Dereva huyu alikuwa fundi wa kazi yake. Miaka na miaka aliendesha malori ya gia za mkono, leo saruji, kesho mbolea, akipanda na kushuka milima. Mguu wake wa kushoto ulikuwa umezoea klachi kiasi kwamba hata akiwa kwake anakunywa chai, mguu unajikanyagia sakafu wenyewe, na mkewe anamcheka.

Sasa katika njia yake kulikuwa na mteremko mmoja mrefu, korongo upande huu, mwamba upande ule. Na yeye alikuwa na desturi. Kila akifika kileleni anaegesha, anatia jiwe kwenye tairi, anazunguka lori lote, anasogeza kiganja karibu na kila gurudumu kusikia joto la breki. Kisha anapanda na kuingiza gia nzito, ile ya kulizuia lori lisikimbie, palepale juu, kabla gari halijaanza kushuka. Kwa nini palepale juu? Kwa sababu mzigo ukishaanza kukusukuma, ile gia nzito haiingii tena. Utaitafuta, itakukatalia, utashuka na hiyo hiyo uliyonayo. Kwa hiyo mambo ya bondeni unayaamua ungali kileleni.

Desturi hiyo alimfundisha mwenzake mmoja, mdogo kwake kwa umri, ambaye alimpokea kazini na kumlea mpaka naye akapewa lori lake. Walisafiri wakifuatana, na kileleni walisimama wote wawili.

Basi tajiri wao akaleta lori jipya la otomatiki. Halina klachi, halina kupangua gia, ni kukanyaga mafuta tu na kushika usukani. Likapewa yule mkubwa, mwenzake akabaki na lile kuukuu. Mwanzoni dereva wetu alilinunia, akasema hilo ni gari la kwenda nalo harusini. Baadaye akalipenda, na nani asingelipenda? Goti likaacha kumuuma. Akawa anafika nyumbani na nguvu ya kuongea na watoto wake. Ndugu zangu, sitasimama hapa niseme vibaya nafuu ya mtu aliyechoka. Gari lilikuwa zuri.

Ila kule kileleni akaanza kupunguza. Kwanza akaacha jiwe. Halafu akaacha kuzunguka. Halafu akawa anasimama tu bila kushuka, kama mtu anayepita msibani akapunga mkono kutoka barabarani. Mnawajua watu hao, wengine mmekaa nao benchi moja.

Siku moja mchana, mvua imetoka kunyesha, akafika kileleni akamkuta mwenzake ameshatia jiwe, yuko chini anakagua magurudumu. Mwenzake akamsogelea dirishani.

"Kaka, shuka basi tuangalie breki. Leo tumebeba mzigo mzito."

"Tangulia, nakuja nyuma yako. Hili gari linajua."

Mwenzake akarudi kwenye lori lake. Utamwambiaje mtu jambo ambalo yeye ndiye aliyekufundisha? Akatoa jiwe lake, akaingiza gia nzito, akaanza kushuka taratibu. Dereva wetu akamalizia soda yake, akaachia breki, akafuata. Kile kijiti cha gia kilikuwa pale pale kilipokuwa tangu asubuhi.

Na msije mkasema gari ndilo lililokosa. Lilikuwa na gia yake ya kushukia. Lilikuwa na breki ya injini. Lilikuwa linangoja kuambiwa tu, na wa kuliambia alikuwa amekaa akitegemea kwamba linajua.

Mzigo ukaanza kusukuma, na gari likajipandishia gia, likawa jepesi. Akakanyaga breki, ikashika. Akakanyaga tena, ikashika kidogo. Harufu ya kuungua ikaingia ndani, na kwenye kioo cha pembeni akaona moshi. Akavuta kijiti arudishe gia nzito, na kwa mwendo ule gari likamkatalia. Hapo mguu wake wa kushoto ukaruka kukanyaga klachi. Ukakanyaga sakafu. Akaegemea honi kwa mikono miwili, kwa sababu ndicho kitu pekee kilichokuwa bado kinamtii.

Kule mbele mwenzake akasikia, akatazama kioo chake, akaelewa. Pembeni palikuwa na nafasi ya kuchepukia, na angechepuka asingelaumiwa na mtu. Hakuchepuka. Alibaki katikati ya barabara na gia yake nzito, akamwacha kaka yake amwegemee. Lile lori kuukuu likapokea mizigo miwili, likalia, likaburuzwa, likazuia. Karibu na bonde ndipo tela lake lilipojikunja, na kichwa chake kikabanwa kwenye mwamba.

Dereva wetu alifungua mlango akashuka mwenyewe, na mchubuko wa paji la uso. Mwenzake walimtoa kwa kukata vyuma, na alikuwa ameshakufa.

Msibani alikaa nje na wanaume, chakula kikipita mbele yake. Baada ya mazishi mjane akatuma aitwe ndani. Akaingia amejiandaa kutukanwa, na moyoni alitamani atukanwe. Mama yule hakutukana. Alikuwa mke wa dereva, mlima ule aliujua kwa kusimuliwa mezani.

"Shemeji, waliomtoa wameniambia waliikuta gia nzito imo. Sasa mimi nakuuliza kitu kimoja tu. Wewe ulikuwa gia ya ngapi?"

Akafungua kinywa. Mtu ambaye zamani, ukimfunga macho, angekutajia gia kwa mlio wa injini tu. Akatafuta, akatafuta tena.

"Sijui, shemeji."

Mama akasema, "Haya," akajifunika uso kwa khanga.

Sasa tuje kwetu, maana naona wengine mnamhukumu dereva. Sisi je? Sala yetu ya chakula si inajiendea yenyewe huku mkono uko kwenye ugali? Ndoa zetu si zinajiendesha? Ni lini mara ya mwisho ulizunguka nyumba yako ukasogeza kiganja usikie panapochemka? Tunasema Mungu anajua. Ni kweli anajua. Lakini hukuambiwa uache kusimama.

Na huyu aliye mbele yako je? Kila mmoja wetu ana mtu anayeshuka mbele yake, mke, mama, mtoto, na siku breki zetu zitakapoisha tutamwangukia huyo, kwa sababu anatupenda na hatachepuka.

Leo sitafunga kwa sala. Ile sala ya kufunga tunaijua sote, inatoka hata tukiwa tumesinzia. Tukae kimya kidogo, kila mtu ajiulize yuko gia ya ngapi. Na ukikuta hujui, usitoke humu bado.