Tembo Alivyokwenda Pwani Kupiga Mbizi

Hapo zamani za kale, enzi zile kaa walipokuwa na nyumba zenye milango, Bi Kaa aliishi ufukweni na wanawe tele. Nyumba yake ilikuwa shimo mchangani, juu kabisa, mahali ambapo maji hayafiki hata yakijaa vipi.

Siku moja wakatokea wageni wawili kutoka bara: Mzee Tembo na miwani yake ya jua, na Bwana Nyati, mkeka mpya kwapani. Korongo ndiye aliyewajaza maneno huko kwao. Aliwaambia mchanga wa pwani ni mweupe kama sembe, bahari ina joto la maji ya kuogea, na chini yake samaki wamejipamba utadhani wanakwenda harusini. Nyati alitaka kulala juani tu. Tembo yeye alisema amekuja kupiga mbizi, na mrija wa kupumulia haazimi kwa mtu, anao wake puani.

Lakini kwanza alitaka kupumzika. Akachagua mahali, akaketi. Puu! Juu ya mlango wa Bi Kaa.

Bi Kaa alikuwa ametoka kutafuta riziki. Aliporudi hakuona mlango, aliona mkia. Roho ikamruka, maana watoto wote walikuwa ndani. Akaomba kwa adabu Mzee asogee kidogo. Tembo akajibu kwamba yeye haoni nyumba hapo, anaona tobo, na hakutoka bara kote kule kuja kusogezwa na kitoweo. Nyati akacheka mpaka akapaliwa.

Huko chini watoto wakagonga: ngo, ngo, ngo. Tembo akajipapasa tumbo, akalaumu maembe mabichi aliyokula njiani.

Bi Kaa aliogopa sana. Nguvu hana, na watoto watakosa hewa. Akatazama bahari. Maji yalikuwa yamekupwa, yameacha fungu la mchanga wazi kule mbali. Na hawa wageni kwao wanajua bwawa tu, na bwawa hushinda palepale lilipoamkia.

“Wazee wangu, nimewakosea,” akasema, macho chini. “Hapa tunawaweka watumishi. Wageni wa heshima mahali pao ni kule kwenye fungu. Ila kuna ada moja. Bahari yetu ni mwenyeji mkarimu, itakuja yenyewe kuwasalimu. Mgeni akiinuka kabla haijamaliza kumsalimu, watu watasema hakulelewa.”

Tembo aliinuka hapo hapo. Nyati alikuwa ameshatangulia.

Bi Kaa akafukua mlango, tifu tifu, watoto wakamiminika nje wakihema. Akawakumbatia wote, akalia kidogo, kisha akageuka kutazama fungu.

Maji yalikuja polepole. Yakalamba kwato, na Nyati akajibu salamu. Yakafika tumboni, mkeka ukaaga, ukaenda zake. Tembo akamtazama Nyati, Nyati akamtazama Tembo, wala hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza kuonekana hana malezi. Nyati akanyoosha shingo. Tembo, aliyekuwa amejilaza, akabaki mkonga tu juu ya maji, fuu, fuu.

Pweza mmoja akawa anapita. Akauona ule mkonga, akadhani ni jamaa yake aliyepotea siku nyingi, akaukumbatia kwa mikono yote.

Chyaaa! Tembo akapiga chafya, pweza akaruka, akatua kwenye pembe za Nyati. Wageni wa heshima wakatoka majini mbio, chubwi chubwi, wakisukumana, wakimeza chumvi. Bi Kaa alikuwa amesimama mlangoni na wanawe, akawauliza kwa upole mbizi wameionaje.

“Tamu sana,” akasema Tembo, miwani inaning'inia sikio moja, na hakusimama. “Lakini tumeitwa nyumbani.”

Basi wajukuu zangu, ukienda kwa watu bisha hodi, maana hata tobo lina mwenyewe.