Daftari Safi na Daftari la Rafu

Hapo zamani, na msinikodolee macho, zamani yenyewe ni ya mwaka juzi tu, huko Urambo palikuwa na mwalimu wa kemia, Mwalimu Tunu. Alikuwa na wanafunzi watatu wa kidato cha pili, wasichana watupu, na jinsi alivyowapenda, walimu wenzake walimsema. Siwema alikuwa na mwandiko wa kutamanisha. Nyanzala alikuwa na mikono isiyotulia. Kalunde naye alikuwa na mdomo. Neno likimjia, limeshatoka.

Maonyesho ya sayansi yalipokaribia, Siwema akaja na wazo: tujifanye wapelelezi. Mwizi akiacha unga mweupe mahali, sisi tutautambua ni unga gani. Wakakusanya unga wa muhogo, chumvi, magadi soda, chaki ya kusaga na bekingi pauda. Kila kimoja watakitia siki waone kama kitatoa povu, kisha watakitia iodini waone kama kitageuka cheusi. Mwalimu Tunu akawapa sharti moja: kabla ya kujaribu, andikeni mnabashiri nini, mkishajaribu, andikeni mmeona nini.

Kalunde akabashiri, "Bekingi pauda itatoa povu, lakini haitageuka nyeusi." Akaandika hivyo kwenye daftari la rafu. Nyanzala akadondosha iodini. Lo! Nyeusi tii!

"Kijiko chako kichafu," Siwema akasema.

Nyanzala akaosha kijiko, akarudia. Nyeusi. Akatafuta kopo jingine, akarudia. Nyeusi vilevile. Ndipo wakasoma maandishi ya kwenye kopo, wakakuta kumbe ndani huchanganywa wanga wa mahindi, na wanga ndio iodini huugeuza mweusi. Kalunde akaandika, "Nilibashiri vibaya." Na hilo halikuwa kosa lake la pekee, alikuwa nayo matano.

Sasa, mnazijua shule zetu. Tangu darasa la kwanza mtoto anaambiwa aandike rafu, halafu anakili kwenye daftari safi, na daftari safi ole wake likutwe na kosa. Asubuhi ya maonyesho Siwema akaketi kunakili. Alipofika penye kosa la Kalunde akamwonea huruma, watu wasije wakamcheka mwenzake. Akaandika, "Tunabashiri itageuka nyeusi." Yote matano akayanyoosha hivyo hivyo. Nyanzala alimwona, akanyamaza.

Majaji walizipita meza nyingi bila hata kusimama. Kwenye meza hii wakasimama, wamevutwa na ule mwandiko. Jaji mkuu, mama mmoja mwenye miwani, akawapa kijiko cha unga bila kuwaambia jina. Ukatoa povu, ukageuka mweusi. "Bekingi pauda!" wakasema kwa pamoja. Jaji akafungua daftari safi, akakunja uso.

"Yote mmebashiri sawasawa? Hii ya bekingi pauda, mlijuaje kabla ya kujaribu?"

Mwalimu Tunu, aliyesimama pale nyuma, akasogea karibu.

"Hatukujua, mama," Kalunde akasema. "Mimi nilikosea. Rafu yenyewe hii hapa."

Jaji akaisoma rafu mwanzo mpaka mwisho, akacheka kwa furaha, akawapa ushindi kwa ajili ya yale makosa. Zawadi ilikuwa wiki nzima kwenye maabara ya uchunguzi Dodoma. Lakini nafasi ni ya mwanafunzi mmoja, na mwalimu wao aandike jina papo hapo. Basi kitumbua kikaingia mchanga.

"Niende mimi," Nyanzala akasema. "Nani alirudia mara tatu? Bila mimi tungebaki kulaumu kijiko."

"Wewe uliniona nanakili ukanyamaza!" Siwema akadakia, machozi yanamtoka. "Niende mimi. Wazo ni langu, na majaji walisimama kwa mwandiko wangu. Nimekosea, sawa. Lakini Mwalimu, mwaka jana si ulinichania ukurasa kwa kosa moja tu?"

Na ni kweli, Mwalimu Tunu aliuchana.

"Niende mimi," Kalunde akasema. "Kosa langu nililiandika kwa mkono wangu, nikalisema mbele za watu."

"Na mimi ukanianika!" Siwema akamjia juu. "Ungeninong'oneza kwanza."

"Nikunong'oneze jaji ananitazama?" Kalunde akamshika mkono. "Nisamehe, mwenzangu. Nakupenda, lakini Dodoma naitaka."

Mwalimu Tunu akawatazama watoto wake wale watatu, na kila aliyemtazama akamwona ndiye. Jaji akaanza kufunga mkoba. Mwalimu akainama, akaandika jina moja.

Jina hilo nalijua, na kwangu halitoki. Semeni nyie mnaotikisa vichwa hapo: nani alistahili kwenda Dodoma? Na yule aliyewafundisha kuogopa makosa, je, alistahili kuishika kalamu ile?