Ufunguo wa Pili wa Bi. Kidawa

Hapo zamani, wala si zamani ya mababu, ni zamani hii ya juzi, simu zilipopata akili na wenye simu wakapungukiwa, palikuwa na mjane aitwaye Bi. Kidawa. Alikuwa na kisukari, alikuwa na ulimi mkali, na alikuwa na binti mmoja, Tunu, aliyeolewa mtaa wa pili.

Tunu aliogopa wezi kwa ajili ya mama yake. Akaenda kwa kampuni ya ulinzi iliyojiita Jicho Halilali. Wakaleta mlango wa chuma unaojifunga wenyewe, kamera na king'ora. Kuufungua kwa nje kulitaka mambo mawili: kwanza neno la siri, unaloliandika kwenye simu yoyote, kisha namba inayotumwa kwa meseji kwenye simu ya mwenye nyumba. Simu hiyo moja tu, basi.

Tunu akawapigia. "Ongezeni na namba yangu, mama ni mgonjwa."

"Mteja mmoja, namba moja, dada."

"Basi itumeni kwa barua pepe."

"Meseji tu, dada."

"Basi tupeni namba za akiba, tuziandike karatasini tuzifiche."

"Meseji tu, dada. Maoni yako tumeyapokea."

Wameyapokea! Hata shimo la taka hupokea.

Asubuhi moja Bi. Kidawa alijichoma sindano yake, akachelewa kunywa uji. Sukari ikashuka, akaanguka jikoni, na mlango umejifunga.

Aliyegundua kwanza ni jirani yake, Mzee Chande. Hao wawili walikuwa hawajasalimiana tangu wagombanie mpaka. Ila kila asubuhi Bi. Kidawa aliwatukana kuku wa Mzee Chande waliovuka kuja kuparua mchicha wake. Asubuhi hiyo kuku wakaparua, na tusi halikusikika. Mzee Chande akangoja. Wakaparua tena, kimya. Akaona hilo si la kawaida, akavuka mpaka, akachungulia dirisha la jikoni, akaona miguu sakafuni. Akampigia Tunu.

Tunu akaja mbio. Akaandika neno la siri kwenye simu yake, akajibiwa: "Tumekutumia namba." Na ndani, mezani, simu ya mama yake ikalia: ting! Wote waliisikia. Waliiona pia kupitia nondo za dirisha, imelala kifudifudi kando ya bakuli la uji. Akajaribu tena. Ting! Ufunguo wa nyumba umefungiwa ndani ya nyumba, na waliobuni hekima hiyo wanavaa tai na kulipwa mshahara.

Akapiga simu Jicho Halilali. Sauti tamu ikasema, "Ili tukuhudumie, dada, tunatuma namba kwenye simu ya mteja."

Ting!

"Mteja yuko chini, anakufa!"

"Pole sana, dada. Basi mteja mwenyewe atusomee hiyo namba."

Watu wakajaa uani, kila mmoja na ushauri wake. Kati yao alikuwamo Mkwiji. Siku hizo aliuza mkaa, lakini zamani alikuwa mwizi hasa, aliyewahi kumwibia Bi. Kidawa masufuria yote hadi upawa. Akasema kwa sauti ya chini, "Nondo ya tatu ya dirisha hili haishiki. Niliilegeza mwenyewe, enzi zile."

Mafundi wa Jicho Halilali walikuwa wameipaka rangi nondo hiyo, wakaipiga picha, wakaitangaza nyumba kuwa salama.

Mkwiji akaivuta, ikatoka. Hapo king'ora kikaamka, kikalia mtaa mzima. Watu wa mtaa wa chini, wasiojua kisa, wakaja na mawe, "Mwizi! Mwizi!" Jiwe likampata kiunoni, miguu yake ingali nje. Hakurudi nyuma. Akajitumbukiza ndani, akaufungua mlango. Tunu akamrukia mama yake, akampaka asali kwenye fizi, kidogo kidogo, akilia, mpaka macho yakafunguka.

Neno la kwanza la Bi. Kidawa lilikuwa, "Nani kaacha kuku waingie kwenye mchicha?"

Na mezani, ting! "Kuna mtu ameingia nyumbani kwako. Kama ni wewe, thibitisha."

Bi. Kidawa alipopata nguvu, aliung'oa mlango ule akauuza kama chuma chakavu. Nondo ya tatu akaichomelea. Akaweka mlango wa mbao wenye kitasa cha kawaida na funguo mbili. Mmoja akaufunga kwenye pindo la kanga. Wa pili akaushika mkononi, akawaita wale watatu waliomwokoa, ampe mmoja wao. Kijana wa Jicho Halilali naye alikuja kudai shukrani, eti king'ora chao kililia vizuri. Huyo simhesabu, alionyeshwa njia.

Tunu akasema, "Mama, mimi ni mwanao. Mtu akikufikia asijue la kufanya, atakutazama tu ukifa. Asali niliipaka mimi."

"Na mlango ule uliletwa na nani?" mama akamuuliza.

Mzee Chande akasema, "Bi. Kidawa, sikupendi, nawe hunipendi. Lakini bila mimi, hawa wangekukuta umepoa. Mimi ndiye ninayejua siku usiyotukana."

Mkwiji akasema, "Mama, dirisha umelichomelea, ni haki yako. Nami kwa dirisha siingii tena. Nilikuibia, na nilipigwa jiwe kwa ajili yako. Natamani siku moja niingie nyumba ya mtu kwa mlango."

Tunu akasema, "Mama, si uchongeshe funguo nyingine, upe kila mtu?"

"Mlango wa funguo nyingi ni pazia. Ufunguo ni mmoja."

"Sasa unasema kama wao!"

"Wao hawakuanguka jikoni," akajibu Bi. Kidawa.

Lakini kisukari hakijamwacha, na ipo siku ataanguka tena. Chande atajua, naye hana pa kupita. Tunu anajua la kufanya, naye yuko mtaa wa pili. Mkwiji atajitia hatarini tena, naye ni yule aliyebeba masufuria. Nanyi mnaonisikiliza, msinijibu kwamba maoni yangu mmeyapokea. Mama amenyoosha mkono, na ufunguo ni mmoja. Je, nani anastahili kupewa?