Mzee Kibindu Alivyogeuza Mtumbwi

Paukwa!

Pakawa!

Sogeeni, wanangu, niwape habari za Mzee Kibindu.

Hapo kale, babu wa babu zetu hawajazaliwa, palikuwa na kijiji kando ya mto. Mzee Kibindu alikuwa na mtumbwi mkubwa. Akipanda mto, amepakia chumvi. Akishuka, amepakia mpunga. Mpiga kasia wake alikuwa kijana Mahundi, mume wa Sikudhani, baba wa Tunu. Tunu alikuwa mchanga, ndiyo kwanza anajifunza kusimama.

Wakaondoka. Chubwi! Chubwi! Kijiji hiki wakauza, kijiji kile wakauza. Mvua zikaja, zikapita. Mahundi akaacha kuimba. Kisha akaacha kula.

"Unaumwa, mjukuu wangu?" Mzee akamwuliza.

"Siumwi, babu."

"Basi una nini?"

Mahundi akainamia kasia. "Uso wa mwanangu umenipotea, babu. Nikifumba macho, namwona mama yake. Mtoto simwoni."

Mzee akaitazama shehena yake. Chumvi ilikuwa imebaki nusu mtumbwi, na mbele palikuwa na gulio kubwa kuliko yote. Akasema, "Geuza."

Wachuuzi wenzao wakacheka. "Mzee, unarudi na chumvi? Umerogwa?"

"Chumvi haiozi," akawajibu. "Mtoto anakua."

Wakashuka na maji. Chubwi! Chubwi! Chubwi!

Sikudhani alipowaona, aliacha mchi kinuni, akakimbia. Mahundi akamshika mikono. Lakini Tunu, ambaye sasa anatembea na kusema, akajificha nyuma ya mama yake. Mahundi akanyoosha mikono ambebe.

"Mwache," Mzee akamnong'oneza. "Kaa chini, uwe mgeni wake kwanza."

Wakaketi mkekani. Tunu akaleta maji kwa kata. Akampa Mzee, akampa na baba yake. Mahundi akanywa, machozi yakidondokea katani.

"Mama, mgeni analia."

"Si mgeni, mwanangu. Ni baba yako."

Tunu akamtazama, akamtazama. "Utalala hapa?"

"Nitalala hapa, mama."

Akasogea. Akamkalia mguuni.

Mzee Kibindu alikwenda zake zamani. Lakini wapiga kasia wa mto ule, mwenzao akinyamaza, humwuliza kwanza habari za nyumbani. Bei huja baadaye.

Wanangu, msafiri asiwasahau wale anaowasafiria.

Hadithi yangu imetua hapa. Mwenye yake naye atusimulie.