Zimwi Lililobisha Hodi kwa Mapacha

Sogeeni, wenzangu, nimechoka, lakini hadithi haijachoka.

Bi Mwanakheri alizaa mapacha. Tangu kutambaa, Zaina alimkimbilia kila mgeni, na Raya alijificha nyuma ya mama akichungulia. Mama alichoka kumsukuma aamkie watu.

Siku moja mama alikwenda kisimani. Zimwi likaja na sura ya shangazi yao. Zimwi haliingii nyumba lisipokaribishwa.

"Hodi!"

Kimya.

"Hodi, wanangu!"

Kimya.

"Hodi!"

Zaina akataka kuitika. Raya, aliyekuwa amemshika mkono huku akichungulia mlangoni, akamziba mdomo. "Shangazi hana mkia," akanong'ona.

Zimwi likaondoka na njaa yake. Mama aliporudi, Zaina akamsimulia yote.

Jioni jirani akauliza, "Huyu bubu haamkii?"

Mama akajibu, "Subiri, shoga. Bado anakutazama."