Kuku wa Manyoya Nusunusu

Palikuwa na mama mmoja mjane. Kideri, ule ugonjwa wa kuku, kilipita uani kwake kikafagia banda zima, na ninyi mnakijua kideri, hakibishi hodi. Kilimwachia kifaranga mmoja tu. Mama akamlea kama mboni ya jicho lake, maana alijua jambo moja: huyu akiwa jike, banda litajaa tena. Akiwa dume, ndiyo basi.

Kifaranga yule alikuwa na damu ya kuchi, wale kuku warefu wa kupigana. Mliofuga kuchi mnaijua taabu yake. Kuchi jike akiwa mchanga ana miguu mirefu, shingo juu, kifua mbele. Msimamishe karibu na jogoo mchanga wa kienyeji, hata mfugaji atakuna kichwa. Kinachowatenganisha ni manyoya. Sharti yale ya utotoni yanyonyoke, mapya yaote. Yakitoka shingoni membamba yenye ncha, huyo jogoo. Yakitoka mapana ya mviringo, huyo jike. Na kuku wa mama huyu alikuwa bado anabadilika, shingo nusu tupu, mkia haueleweki, sura haitazamiki.

Wiki hiyo askofu alikuwa anakuja. Mzee mmoja wa kanisa akapewa kazi ya kupita nyumba kwa nyumba kukusanya majogoo wa kumkirimu. Majogoo, wapendwa, kwa sababu watu wale, kama sisi, waliona ni aibu kumchinja jike anayekaribia kutaga. Mzee akaingia uani, akamwona kuku, hata hakuinama kumtazama vizuri. Akasema jogoo huyu anafaa.

Mama akamwambia, "Mzee wangu, huyu bado hajajulikana. Hata mimi simjui. Tungoje amalize kunyonyoka."

"Mama, mimi nimefuga kuku kabla wewe hujaolewa. Jogoo namjua kwa mwendo."

Akaongeza kwamba anayemnyima mtumishi wa Mungu asije akalalamika baraka zikimpita. Hebu niambieni, mjane atajibu nini baada ya neno kama hilo? Kuku akafungwa miguu, akaondoka kichwa chini, anapiga kelele.

Siku ya ugeni, mama yuleyule akapangwa jikoni, akaletewa kuku wake mwenyewe amtoe matumbo. Akapasua, akaingiza mkono, akatoa shada la mayai machanga, mengine madogo kama punje za mtama, na moja limeshakua, manjano, limejaa. Alisimama nalo kiganjani mbele ya wanawake wenzake. Alikuwa na hasira, na haki ya kuwa na hasira alikuwa nayo.

Mzee akaitwa. Akachungulia, akasema ni bahati mbaya tu. "Supu si ni ileile?"

Mama aliyapika mayai yale. Chakula kilipoandaliwa, akampita askofu, akawapita wageni wote, akaweka kibakuli mbele ya mzee.

"Karibu, mzee. Jogoo wako ametaga."

Msicheke, wapendwa. Kuku yule tumemfunga miguu sisi. Binti alikuja hapa na nywele za rangi, tukamtoa kwaya kabla hajamaliza hata wimbo mmoja. Kijana aliacha pombe, akateleza mara moja, tukasema tulijua tu. Tulijua kwa lipi? Kwa mwendo? Tunamchinja mtu angali anabadilika, halafu tunarudi kwenye viti vyetu na kusema ibada ni ileile! Inaniudhi, na leo sitaificha.

Mama yule hakuwa mjuzi kutuzidi. Alisema simjui, akaomba tungoje. Hilo tu, kungoja, ndilo lililotushinda, sisi tunaojiita watu wa subira.

Na wewe mzee mwenzangu wa benchi la mbele, umesahau ulivyokuwa? Sote tuliwahi kuwa na shingo tupu, hatueleweki ni nini. Mungu akapita uani, na kisu anacho, akatutazama akasema, "Huyu bado." Ndiyo maana tumekaa hapa asubuhi hii tukiwa hai.

Hapana, msiniitikie amina. Yule binti anakaa nyuma ya soko. Nendeni kwanza mkamwombe radhi, ndipo mrudi tuseme amina.