Kiboko Mwenye Kuleta Maji

"Paukwa!"
"Pakawa!"
"Kiu ya nani?"
"Ya wote!"
"Maji ya nani?"
"Ya mkubwa!"
"Haya, kaeni vizuri, msikanyage kibuyu."

Hapo kale kiangazi kilikaza, mito ikakauka, likabaki bwawa moja tu. Bwawa hilo Kiboko akalikalia. Akaweka sheria: anayetaka maji amsifu kwanza. Ukimsifu vizuri, unapata funda moja. Ukimsifu vibaya, unarudi na ulimi mkavu.

Binti Pimbi alikuwa na wadogo zake majabalini, midomo imewapasuka kwa kiu. Akajifunga kibuyu mgongoni, akasema, "Leo sirudi na kibuyu kitupu."

Njiani akakutana na Swala, anayumba.

"Umemsifuje, kaka?"

"Nimemwita mlima, nimemwita radi, nimepata funda. Rudi, mdogo wangu. Wewe hata mkia huna, nani atakusikiliza?"

"Sirudi na kibuyu kitupu."

Akafika bwawani.

"Shikamoo, Mzee Kiboko."

"Marahaba. Sifu upesi, nina usingizi."

"Leo sitakusifu kwa mdomo, Mzee. Leo macho yako yenyewe yatakusifu."

Akachomeka kijiti ukingoni, pale maji yalipoishia. "Hebu toka kidogo."

Kiboko akatoka, bwaa! Maji yakashuka, kijiti kikabaki pakavu.

"Hebu ingia."

Kiboko akaingia, chubwii! Maji yakapanda, yakakirudia kijiti.

Kiboko akatoa macho. Akatoka mwenyewe, bwaa! Yakashuka. Akaingia, chubwii! Yakapanda.

"Nikiwepo, maji yanajaa," akasema polepole. "Nikiondoka, yanapungua. Kumbe! Maji yanatoka kwangu!"

Kicheko kikampanda Pimbi mpaka kooni. Akawakumbuka wadogo zake, akakimeza.

"Mimi sijasema, Mzee. Umefikiri mwenyewe."

"Nimefikiri mwenyewe!"

"Sasa mwenye maji yake anajibanaje kwenye kidimbwi? Lile bonde kavu kule ni pana. Ukikaa mle, si litakuwa ziwa?"

"Na hapa nani atabaki?"

"Sisi wanyonge, Mzee. Ukiondoka si patakauka?"

Kiboko akacheka mpaka tumbo likatikisika. "Basi lambeni tope!"

Puu, puu, puu, akaenda zake. Akajitupa bondeni, tifuu! Vumbi likampanda hadi masikioni.

"Yameanza kupanda!" akanguruma.

Pimbi akainamisha kibuyu. Gulu, gulu, gulu, kikajaa hadi kikamwagika. Akakibeba mpaka majabalini, wadogo zake wakanywa, wakalowa hadi vifuani. Swala naye akanywa, bila kumsifu mtu.

Jua lilipowaka, ngozi ya Kiboko ikaanza kuwa nyekundu. Swala akaona huruma, akamfuata.

"Mzee, rudi. Hapa hakuna maji."

"Nyamaza! Wewe mwenye miguu kama vijiti, ulishawahi kuleta maji? Unayatisha, ndiyo maana yanachelewa!"

Swala akaondoka. Kiboko akafumba macho, akajikandamiza vumbini zaidi, ili maji yapande vizuri.

Basi, wenzangu, funzo ni hili: msifikirifikiri ovyo. Kufikiri ni shida ya mwenye kibuyu kitupu. Na mkimwona mkubwa amekaa vumbini anangoja, msimsumbue. Huenda maji yako njiani.

Ngano yangu imefika ukingoni. Asiye na kibuyu, anywe kwa kiganja.